Wachoraji wa Ashington: kikundi cha ridhaa kilichodumu miaka 50

Vikundi vya sanaa vya ridhaa hufa kwa sababu zinazojulikana. Mweka hazina anaanza kukwepa maswali ya mahesabu. Mwenye ukumbi anapandisha kodi. Mwanachama mmoja anapata jina, anaondoka nalo, na waliobaki hawaoni tena sababu ya kukutana wiki ijayo. Aliyewahi kuwa kwenye kikundi cha ngoma, cha maigizo au cha uchoraji anaweza kuongeza ya kwake hapo.

Kisa cha Ashington kinatufaa sisi tulio kwenye vikundi, ingawa kilitokea mbali, kaskazini mashariki mwa Uingereza, kwa watu ambao wengi wao riziki yao ilikuwa kuchimba makaa ya mawe. Walianza mwaka 1934 wakiwa darasa la jioni, wakamaliza mwaka 1984. Katika miaka hiyo 50 ilipita vita kuu ya pili, migodi ikataifishwa, mwalimu wao akahama, na sifa zikaja, zikapotea, zikarudi tena. Hawakugeuka kampuni wala shule ya sanaa. Waliendelea kukutana, kuchora na kubishana.

Wanaosimulia kisa hiki hupenda kukifanya hadithi ya vipaji vilivyofichika ardhini vikasubiri kuchimbuliwa. Mimi sikubaliani nao. Vipaji vilikuwepo, tena viwili vitatu vikubwa, lakini kipaji hakijawahi kukifikisha kikundi hata mwaka wa tano. Kilichowaweka pamoja ni mambo mawili yasiyo na mvuto wa kusimuliwa: desturi ya kila mtu kuleta kazi yake na kuiweka mbele ya wenzake isemwe, na msimamo wa mapema kuhusu pesa na umiliki wa picha. Mwishoni nitaeleza kwa nini nadhani mambo hayohayo ndiyo yaliyokifanya kikundi kizeeke pamoja na wanachama wake.

Mji uliozoea vikao

Ashington iko Northumberland, kama kilomita 24 kaskazini mwa Newcastle. Kabla ya makaa kuanza kuchimbwa kwa wingi katika karne ya 19, hapakuwa na mji wa kutajwa. Kampuni ya makaa ilijenga nyumba za wafanyakazi kwa safu ndefu za matofali na haikujihangaisha na majina: Safu ya Kwanza, Safu ya Pili, hivyo hivyo mpaka ya Kumi na Moja. Wenyewe walijivuna kuwa kijiji chao ndicho kijiji cha wachimba makaa kikubwa kuliko vyote duniani. Mpenzi wa soka anaufahamu mji huu hata kama hajui kwamba anaufahamu, maana Bobby na Jack Charlton, waliobeba Kombe la Dunia na Uingereza mwaka 1966, ni watoto wa mchimba makaa wa hapo, na Jackie Milburn, mfungaji wa Newcastle United, ni binamu wa mama yao.

Tusidhani hawa walikuwa watu wasio na la kufanya baada ya zamu. Walifuga njiwa wa mashindano na mbwa wembamba wa mbio. Walilima bustani nyuma ya safu za nyumba na kushindanisha liki, aina ya kitunguu chenye shina nene, kwa ushabiki ambao sisi tungeuweka kwenye derby. Walikuwa na klabu za bia za wafanyakazi, chama cha wachimbaji, na duka la ushirika. Kila kimoja kati ya hivyo kina katibu, kina ada, kina daftari la mihutasari. Mchimbaji wa Ashington alikuwa amejifunza kuendesha kikao kabla hajajifunza kushika brashi.

Jambo hili hupitwa haraka na waandishi wa sanaa, nami naona ndilo la kuanzia. Mtu akitaka kuanzisha kikundi cha uchoraji mahali ambapo watu hawajazoea kulipa ada na kusikiliza mwenyekiti, atalazimika kuwafundisha mambo mawili kwa pamoja. Ashington moja lilikuwa limekwisha kufundishwa na mgodi, chama na ushirika.

Hata darasa lenyewe halikuzaliwa na mapenzi ya sanaa. Kulikuwa na tawi la WEA, chama cha elimu ya wafanyakazi kilichoanzishwa mwaka 1903 ili kuwapa masomo ya jioni watu walioacha shule mapema. Tawi la Ashington lilikuwa limeshasoma mambo mengine, ikiwemo mageuzi ya viumbe. Mwaka 1934 ikawa zamu ya sanaa, na si kuchora. Walichotaka ni kuielewa: mtu akisimama mbele ya picha, ajuaje kama ni nzuri, na inasema nini?

Darasa lililomgeuza mwalimu

Mwalimu aliyekuja ni Robert Lyon, aliyefundisha uchoraji Armstrong College ya Newcastle, chuo kilichokuwa wakati ule sehemu ya Chuo Kikuu cha Durham. Alikuja na vifaa vya kawaida vya mhadhara wa sanaa: picha za mabwana wakubwa wa Italia, zikimulikwa ukutani kwa taa, na maelezo ya nani alimfuata nani. Wanafunzi wake walikuwa wametoka kazini. Wengi hawakuwahi kuingia jumba la sanaa maishani mwao. Haukupita muda wakamweleza kwamba hawaridhiki. Walichopewa hakikuwa jibu la swali lao.

Hapo ndipo Lyon alipofanya jambo la maana kuliko mengine yote aliyoyafanya Ashington. Angeweza kurahisisha mhadhara, au kuwalaumu. Akawaambia wafanye wenyewe. Wakaanza kwa kuchonga vipande vya linoleamu, kuvipaka wino na kugandamiza karatasi juu yake, halafu wakaingia kwenye rangi. Nia haikuwa kuwatoa wasanii. Nia ilikuwa kwamba mtu aliyehangaika na mwanga na kivuli kwenye ubao wake mwenyewe atajua amwangalieje mtu mwingine aliyehangaika na hayohayo miaka 400 kabla yake.

Tena hakuwafundisha ufundi kwa hatua, kama shule za sanaa zinavyofanya, mkono unakaa hivi na pua inachorwa vile. Aliwapa mada, wakaenda nazo nyumbani, wakarudi na picha. Kisha kazi ya jioni ikaanza.

Picha moja inawekwa mbele. Wanaitazama. Mwenye picha anaeleza alichotaka kukifanya, wenzake wanasema wanachokiona na wasichokiona. Huyu anasema huo mguu wa farasi haubebi uzito. Yule anauliza kwa nini anga ni jepesi kuliko barabara ilhali ni jioni. Watu hawa walikuwa na faida moja ambayo madarasa mengi ya sanaa hayana: wote walikifahamu kinachochorwa. Ukichora mtu amelala ubavu kwenye tabaka la makaa lililo chini kuliko meza, ukakosea pembe ya sururu, hakuna maneno matamu yatakayokuokoa. Chumba kizima kimelala pale. Wanajua bega linauma upande upi.

Kwa hiyo ukosoaji wao haukuhitaji msamiati wa sanaa, ulihitaji ukweli. Na kwa kuwa kila mtu alikuwa na picha yake inayosubiri zamu, hakuna aliyekuwa na nafasi ya kujikweza. Nimeona vikundi ambamo watu wawili hukosoa na wengine hukosolewa. Vile havifiki mbali. Pale Ashington mkosoaji wa leo alikuwa mkosolewa wa baadaye, na Lyon mwenyewe akabaki pembeni kiasi kwamba alipoondoka mwaka 1942 kwenda kukiongoza chuo cha sanaa cha Edinburgh, kikundi hakikutikisika. Mwalimu wa kikundi cha ridhaa apimwe kwa hilo kwanza.

Kuhusu vifaa, walitumia kilichopatikana. Rangi za mafuta za wasanii zilikuwa ghali, kwa hiyo wengi wakachora kwa Walpamur, rangi ya kupakia kuta za nyumba, juu ya vipande vya mbao na bodi. Msomaji wa Tanzania atamkumbuka Edward Saidi Tingatinga, aliyeanza Dar es Salaam mwaka 1968 kwa vipande vya hadibodi na rangi za kung'aa za baiskeli. Sehemu zote mbili rangi ya bei nafuu iliamua sura ya picha. Walpamur hukauka haraka na haing'ai, haikubali kuchezewachezewa kwa siku nyingi. Inamtaka mtu aamue. Picha nyingi za Ashington zina ule uthabiti wa mtu aliyeamua umbo liende wapi kabla ya kutia brashi.

Walichora nini

Walichora walichokijua. Oliver Kilbourn, aliyezaliwa mwaka 1904 na kuingia mgodini akiwa mvulana wa miaka 13, alichora klabu ya bia usiku wa Jumamosi, mwaka 1936: wanaume wamebanana mezani, kila mmoja na glasi yake, nyuso zinafanana kwa uchovu na kwa raha. Jimmy Floyd alichora mabanda ya njiwa. Wengine wakachora mbwa wa mbio, bustani, jikoni, barabara za mji wao, na watu wakiwa kazini chini ya ardhi.

Picha za chini ya ardhi zilikuwa na taabu yake. Huwezi kushuka mgodini na ubao wa kuchorea. Hakuna nafasi, hakuna ruhusa, na mwanga ni ule wa taa unayoibeba. Kila kitu kilichorwa kwa kumbukumbu, juu, baada ya kuoga. Nadhani ndiyo sababu watu kwenye picha hizo hawana sura za kutambulika sana lakini miili yao ni sahihi mno: mgongo uliopinda kwa namna moja tu inayowezekana, mkono unaosukuma nguzo ya mbao chini ya dari, farasi mdogo aliyeinamisha kichwa bila kuambiwa. Jicho lilisahau uso. Mwili haukusahau kazi.

Wala hawakuwa wachimbaji watupu. Harry Wilson alikuwa fundi wa meno bandia, na ni mmoja wa nguzo za kikundi tangu mwanzo. Jina la "wachimbaji wanaochora" lilitolewa na watu wa nje, na lilishika kwa sababu linauzika. Wenyewe walijiita Kikundi cha Ashington, basi. Mji, si kazi.

Pesa na mali

Mwaka 1936, miaka miwili tu baada ya kuanza, walifanya maonyesho Newcastle, katika jumba la Hatton. Mwaka huohuo walikwenda London. Aliyewawezesha ni Helen Sutherland, tajiri aliyeishi Rock Hall huko Northumberland, binti wa aliyekuwa mwenyekiti wa kampuni ya meli ya P&O. Mama huyu alikuwa mfadhili wa wachoraji wa kisasa, Ben Nicholson na David Jones wakiwemo, na nyumbani kwake wachimbaji wa Ashington waliziona kazi za namna ambayo hawakuwahi kuiota. London walitembelea majumba makubwa ya sanaa, wakaona pia maonyesho ya sanaa ya China yaliyokuwa yakivuta umati wakati ule.

Hapa ndipo kikundi kingine kingevunjika. Fedha za mfadhili zimeingia, magazeti yameanza kuandika, watu wanauliza bei. Tunaujua mwisho wake: mmoja anaambiwa pembeni kwamba yeye ndiye mwenye kipaji, wenzake wanamrudisha nyuma.

Ashington walikuwa na kinga. Picha ikiuzwa, fedha zilikwenda kwenye mfuko wa kikundi na kununua vifaa. Na picha walizoziona bora waliziweka kando kama mkusanyiko wa kudumu, mali ya kikundi, zisiuzwe. Fikiria maana yake kwa mtu ambaye mshahara wake unategemea amechimba kiasi gani. Picha iliyokubalika kuliko zote, ile ambayo ingeleta fedha, ndiyo ambayo haitauzwa kamwe. Thawabu ya kufanya vizuri ni kuzuiwa kuuza!

Kwa jicho la biashara ni upuuzi. Kwa jicho la kikundi ni akili ya hali ya juu, kwa sababu iliondoa ugomvi kabla haujapata cha kugombania. Hakuna aliyeweza kupata zaidi ya mwenzake, kwa hiyo sifa zilizobaki kugawana zilikuwa zile zinazotolewa na wenzako, jioni, picha yako ikiwa imewekwa mbele. Pia mkusanyiko ulikipa kikundi kumbukumbu: aliyejiunga baadaye aliweza kuona waliotangulia walifanya nini, bila kusimuliwa.

Kuna gharama iliyofichika humo, na nisingependa kuipamba. Kilbourn, kwa mfano, kwa uwezo wake angeweza pengine kuishi kwa brashi. Alibaki mgodini mpaka alipostaafu. Tamthilia ya mwandishi Lee Hall kuhusu kikundi hiki, iliyoonyeshwa kwanza Newcastle mwaka 2007, imejengwa juu ya jambo hilo: tajiri anampa Oliver fursa ya kuacha mgodi naye anakataa, halafu anaishi na kukataa kwake. Iwe mazungumzo hayo yalikuwa hivyo au la, shinikizo lenyewe ni la kweli kwa kila kikundi cha ridhaa. Kikundi kinachomlinda mwanachama asipotezwe na soko kinaweza kuwa kilekile kinachomzuia kwenda mbele. Anayesema Ashington walipata jawabu bila kumpunja mtu hajaifikiria nafasi ya mtu kama Kilbourn.

Wageni na maswali yao

Mwaka 1938 alifika Tom Harrisson. Huyu alikuwa ameishi katika visiwa vya Pasifiki, kule Malekula, akichunguza maisha ya wenyeji, kisha akarudi Uingereza na kuanzisha pamoja na wenzake mradi wa Mass-Observation, wa kuwachunguza Waingereza wa kawaida kwa namna ileile. Alikuja pamoja na mchoraji Julian Trevelyan. Mwaka huohuo yakafanyika maonyesho Gateshead, ng'ambo ya mto kutoka Newcastle, ya picha za watu wasio wasanii wa kazi, na mjadala wa kama mtu yeyote anaweza kuchora.

Sisi tuliozoea kuchunguzwa tunaelewa kilichotokea hapo. Mgeni anakuja na swali lake tayari, na wewe ni mfano wa jibu. Kwa Harrisson, Ashington ilithibitisha kitu kuhusu watu wa kawaida. Kwa Trevelyan na marafiki zake, ilithibitisha kitu kuhusu sanaa isiyoharibiwa na shule. Baadaye, miaka ya 1970, wengine wakaja na swali la sanaa ya tabaka la wafanyakazi. Kila kizazi cha wageni kiliwapa wachoraji wale wale lebo mpya.

Wao walipokea wageni, wakasikiliza, wakabishana nao, na kuendelea na vikao. Kama ni ukaidi, ulikuwa ukaidi wenye manufaa. Wasifiwaji wengi hugeuka kuwa kile wanachosifiwa. Mtu akiambiwa picha zake zinapendeza kwa sababu hajui, anaogopa kujua. Wanachama wa Ashington waliendelea kujifunza. Waliona kazi za wenzao wakubwa wa Ulaya kwa Sutherland na London, na ukitazama picha zao za miaka ya 1940 unaona kabisa kwamba wameona. Neno "wasiojua" halikuwastahili hata siku ya kwanza, seuze miaka kumi baadaye.

Kibanda

Mwaka 1943, vita vikiendelea na Lyon ameshaondoka, wakapata kibanda chao wenyewe. Cha mbao, kidogo, hakina fahari. Kwa maoni yangu kibanda kile ni tukio kubwa kuliko safari ya London, ingawa safari ya London ndiyo inayosimuliwa.

Kikundi kinachokutana kwenye ukumbi wa mtu kinakutana kwa saa. Kikiwa na mahali pake, picha zinakaa ukutani, vitu havifungwi na kubebwa kila mara, na mtu anaweza kuingia bila kikao. Wenye zamu za mgodi hasa walihitaji hili. Mgodi ulikwenda kwa zamu za saa tofauti, na anayefanya kazi usiku hawezi kupangiwa jioni na mtu wa asubuhi kwa miezi mfululizo. Mahali penye ufunguo hupunguza tatizo la ratiba, jambo ambalo yeyote aliyejaribu kukusanya watu wanane kwa siku moja analiheshimu.

Baada ya vita, nchi ilipoteza hamu nao. Migodi ilitaifishwa Januari 1947, walimwengu wa sanaa wakahamia kwingine, magazeti yakanyamaza. Miaka hii husimuliwa kwa sentensi moja kwenye habari nyingi za kikundi. Kwangu mimi ndiyo kipimo. Kuendesha kikundi mwaka wa pili, wageni wakija kutoka London, si kazi. Kukiendesha mwaka wa ishirini, hakuna anayekuja, hakuna mfadhili, na picha utakayoleta itaonwa na watu walewale ambao wameshaona picha zako zote, hapo ndipo unapojua kikundi kina nini ndani. Waliendelea.

Mapema miaka ya 1970 mhakiki William Feaver alikutana nao, akaanza kuandika habari zao na kuwatafutia maonyesho, na mwaka 1988 akatoa kitabu juu yao. Picha zikapelekwa nje ya nchi, mpaka China mwaka 1980, wakati nchi hiyo ilipokuwa inaanza tena kufungua milango kwa maonyesho kutoka Magharibi baada ya Mapinduzi ya Utamaduni. Kilbourn, sasa mzee aliyestaafu, alikuwa katika miaka hiyo akifanya mfululizo wa picha za maisha yake ya mgodini, kuanzia mvulana anayeshuka kwa mara ya kwanza.

Kibanda kilikuwa chao, ardhi haikuwa yao. Kodi ya kiwanja ilipopandishwa mwanzoni mwa miaka ya 1980, wanachama waliobaki walikuwa wachache na wazee. Kibanda kilibomolewa mwaka 1983, na mwaka uliofuata kikundi kikafungwa rasmi. Ni mwaka huohuo, 1984, ulipoanza mgomo mkubwa wa wachimba makaa wa Uingereza. Mgodi wa Ashington wenyewe ulifungwa mwaka 1988. Mkusanyiko wa kudumu ulinusurika kwa sababu ulikuwa mkusanyiko, na si picha zilizotawanyika kwenye nyumba za watu. Kilbourn alishughulika nao mpaka alipofariki mwaka 1993, na leo uko kwenye jumba la makumbusho la Woodhorn, mgodi wa zamani jirani na mji.

Ambao hawakuwemo

Sasa upande usiosemwa sana. Kikundi kilikuwa karibu chote cha wanaume. Wanawake wamo kwenye picha, wakifua, wakipika, wakitengeneza mazulia ya matambara mbele ya moto, na wamechorwa kwa heshima. Lakini waliochora ni waume na ndugu zao, ambao waliweza kutoka jioni kwenda kwenye kikao kwa sababu mtu mwingine alibaki na watoto na kuweka tayari maji ya kuoga ya mwenye zamu. Darasa la WEA halikuwa na sheria ya kuwazuia. Maisha ya mji yaliwazuia.

Na vijana. Mchimbaji aliyezaliwa mwaka 1904 na mwenzake aliyezaliwa 1898 walikuwa na kumbukumbu moja, ucheshi mmoja, namna moja ya kukosoa. Desturi ya kuweka picha mbele na kuisema bila kuficha inafanya kazi vizuri kati ya watu waliokwisha kuaminiana. Kwa kijana wa miaka 20 anayeingia kibandani mwaka 1960 na kukuta wazee wanaojuana tangu 1934, inaweza kuwa ukuta. Kikundi kilichofungana sana huwa kinawapendeza waliomo. Sijaona dalili kwamba walimfukuza mtu. Hawakuhitaji kumfukuza.

Kuna pia mkusanyiko uliofungwa. Ukishaamua kwamba picha bora zimekwisha kuchaguliwa na kuwekwa, unamwambia anayekuja baadaye kwamba historia imeshaandikwa na jina lake halimo. Ule uamuzi uliowaokoa na ugomvi wa fedha miaka ya 1930 ukawa, miaka ya 1960, jumba la makumbusho lenye wanachama.

Baadhi ya wasomaji watasema miaka 50 inatosha, na kikundi si lazima kiishi milele. Nakubali. Ila tofauti ipo kati ya kikundi kinachoamua kufunga na kinachofungwa na kodi ya kiwanja, na Ashington walikuwa wa pili. Wangekuwa na vijana watatu wenye mshahara, ile kodi ingelipwa.

Tamthilia ya Lee Hall ilipofika National Theatre ya London na baadaye Broadway, New York, mwaka 2010, wanachama wa kikundi walikuwa wamepunguzwa kuwa wahusika watano jukwaani. Jukwaa haliwezi kubeba zaidi, na simlaumu mwandishi. Lakini waliopotea kwenye upunguzaji ule ni wale waliokuja kila wiki, wakachora picha za wastani, wakasema neno moja la kweli juu ya picha ya Kilbourn, wakalipa ada, wakatunza ufunguo. Anayetaka kujua Ashington iliwezaje kudumu aanze na hao.